Dhahabu Mbichi

Nyie ndugu zangu wa Mpanda, na nyie wa mbali mtakaosoma haya, hadithi hii siwapi ili mlale usingizi mzuri. Nawapa kwa sababu nimechoka kuona watu wenye akili zao wakilea kinyongo kama anavyolelewa mtoto mchanga, wakikilisha na kukifunika kisipigwe na baridi, mpaka kinaota meno. Alikilea hivyo Kalisti, mtoto wa pili wa marehemu mzee Maximilian wa Mwamkulu. Sioni haya kumtaja, maana mwenyewe sasa hana cha kuficha.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1976. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na nyumbani kwa Melkior, kaka yake Kalisti, vihenge vilikuwa vimejaa pomoni. Jua lilikuwa linateremka. Bibi Immaculata, mama yao, alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya karanga, na Eufrazia, mke wa Melkior, alikuwa akiosha mchele wa chakula cha jioni. Majirani walikuwa wakitaniana kwamba mwenye jino bovu akale kwa Eufrazia, kwa jinsi alivyoujua mchele. Aliuzungusha kwenye sufuria ya maji, akaumimina kidogo kidogo kwenye sufuria ya pili, na changarawe zote zikabaki chini ya ile ya kwanza. Watoto wake watano walikuwa wakifukuzana uani. Nyumba ile ilikula mara mbili kwa siku mwaka mzima, na miaka ile si nyumba nyingi zilizoweza kujisifu hivyo.

Mara honi ikalia njiani. Watoto wakatoka mbio, na Land Rover moja kuukuu ikaingia uani na vumbi lake.

Alikuwa Kalisti, na mkewe Theopista, na binti yao wa pekee, Bernadetha, wa miaka kumi na miwili. Kalisti alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana moja kule Tabora, na gari lile alilinunua likiwa chuma chakavu akalifufua kwa mikono yake. Walikuwa wametumia siku mbili njiani kupitia Inyonga. Bernadetha hakungoja hata kukaa, akaanza kuwasimulia binamu zake jinsi walinzi wa geti la mbung'o walivyoingia ndani ya gari na nyavu zao kuwinda wadudu, na jinsi mmoja alivyomnasa mbung'o juu ya kichwa cha mama yake.

"Shikamoo, kaka," alisema Kalisti.

"Marahaba, mdogo wangu! Leo umetukumbuka." Melkior alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaagiza mbuzi achinjwe.

Walipokuwa wanakula, Kalisti alisema, "Safari hii tumekuja kutembea. Wazungu wanatoka kwao Ulaya kuja kutembea kwetu, kwa nini na sisi tusitembee? Nasikia kule kijito cha Kanyenze kuna mzee anaosha dhahabu. Kesho kutwa twende wote na gari, tukajaribu. Tutapika huko huko, watoto wafurahi."

Melkior alicheka mpaka akakohoa. "Dhahabu! Dhahabu yangu mimi ndiyo ile," akaonyesha vihenge kwa kidevu.

"Ni kutembea tu, kaka."

"Haya. Kama ni kutembea, twende tukatembee."

Mkiwatazama mngesema hao ni ndugu waliopendana. Sasa niwaambie kilichokuwa moyoni mwa yule mdogo.

Miaka sita nyuma mzee Maximilian alifariki, mwezi wa Novemba, wakati wa joto kali. Simu ya maandishi ilipofika Tabora, Kalisti alipanda treni siku ile ile, lakini kichwa cha treni kikaharibika mbele ya Kaliua na abiria wakalala porini. Mwamkulu walimngoja siku mbili. Siku ya pili jioni mwili haukuweza kungoja tena, wakazika. Kalisti akatokea asubuhi yake, koti begani, akakuta udongo mbichi. Mbele ya waombolezaji wote, Melkior, ambaye alikuwa hajalala siku nne, akamwambia, "Ungetaka kumwona baba ungekuja alipokuwa anaumwa. Miezi mitatu alikuwa anakutaja jina."

Yalikuwa maneno makali, tena mahali pabaya. Na ubaya wake zaidi ni kwamba yalikuwa ya kweli. Kalisti alikuwa ameandikiwa barua tatu kuhusu ugonjwa wa baba yake, na zote tatu alizijibu kwa kusema kazi ni nyingi. Mtu akiambiwa uongo hukasirika na kusahau. Akiambiwa ukweli hadharani, akiwa hana moyo wa kuukubali, huanza kumtafuta aliyemwambia.

Kalisti hakujibu neno siku ile. Alirudi Tabora, akawa anasimama kwenye mashine yake kila siku akijiuliza ni wapi atakapompiga kaka yake aumie. Melkior hakuwa mlevi wala mwizi. Alichokuwa nacho ni majaruba yake ya mpunga, na jina la mkulima ambaye hajawahi kuomba chakula. "Nitamng'oa hapo hapo," Kalisti alijiambia.

Silaha aliipata chini ya mashine. Alipokuwa anakereza bushi, zile pete za shaba za kwenye mashine, chenga za rangi ya manjano zilidondoka na kung'aa. Alizikusanya, akazisaga kwa tupa mpaka zikawa laini, akazijaza kwenye kikopo cha ugoro. Kazi hiyo aliifanya miezi miwili, mbele ya macho ya wenzake, akipiga mluzi.

Siku ya matembezi ilikuwa nzuri. Kijito cha Kanyenze wakati wa kiangazi ni maji ya magotini yanayopita katikati ya mawe, na miti ya kando yake ina kivuli cha kutosha watu wote kukaa. Mzee aliyekuwa akiosha dhahabu pale aliitwa Makoye, Msukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Ujanani aliwahi kumfanyia kazi mzungu mmoja wa migodi. Ng'ombe wake walikufa kwa mbung'o, akabaki na karai. Walimpa sukari na tumbaku, naye akawaonyesha.

"Unachota changarawe ya chini kabisa, nyuma ya jiwe ambapo maji yanapunguza mwendo," alisema. "Unazungusha hivi. Chepesi kinatoka, kizito kinabaki. Mwisho unaona mchanga mweusi. Ukiwa na bahati, pembeni ya mchanga mweusi kuna cha manjano, kidogo kuliko jicho la kiroboto. Usitegemee zaidi ya hapo. Mimi huu mwaka wa kumi na moja, na napata ya chumvi tu."

Walijaribu kwa zamu. Theopista alimwaga kila kitu mtoni, watoto wakacheka. Bernadetha alilowa mpaka kifuani. Eufrazia aliposhika karai wote walisogea kutazama, maana mkono wake ulizunguka bila kutetereka, na mwisho chini kukabaki mstari mwembamba wa mchanga mweusi wenye punje mbili za manjano.

"Mama, wewe umezaliwa na karai mkononi!" alisema Makoye.

"Ni mchele tu, mzee wangu. Tofauti ni kwamba huku tunatupa mchele tunabaki na changarawe."

Wote wakacheka, Kalisti akicheka kuliko wote. Kisha akamshika kaka yake mkono. "Twende kule juu, kwenye kona, hapa watoto wameshavuruga maji." Wakapanda hatua kama hamsini, nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo Makoye hakuweza kuwaona. Melkior aliinama kuchota changarawe. Kalisti akafungua kikopo chake kama mtu anayetaka kunusa ugoro, akakung'uta nusu yake ndani ya karai la kaka yake, akarudisha kifuniko. Haikuchukua muda wa kupiga chafya.

Melkior alizungusha ovyo ovyo, maana mikono yake ilizoea jembe. Maji yalipokwisha, pembeni ya karai kulikuwa na utepe wa manjano uliokuwa unawaka juani.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye maji na suruali yake. "Kalisti," alisema kwa sauti ndogo. "Kalisti, hebu tazama."

Kalisti alitazama, akacheka. Mlango wa kicheko kile ulikuwa umefungwa miaka sita. Bernadetha, ambaye alikuwa amewafuata, alisimama juu ya jiwe akimwona baba yake anavyocheka, naye akacheka pia kwa kumfurahia.

Eufrazia alifika nyuma ya mtoto. Akainama kwenye karai. "Mbona maji yana mafuta?" aliuliza. Kweli, juu ya maji yaliyobaki palikuwa na utando mwembamba wa rangi rangi, na vipande vingine vya manjano vilikuwa vinaelea juu yake.

"Ni mikono yangu, shemeji," Kalisti alijibu haraka. "Fundi hakosi grisi." Kisha akageuza mazungumzo. "Sikilizeni. Hii msimwonyeshe mtu, hata huyo mzee. Dhahabu ni mali ya serikali. Mkionekana nayo, ni jela. Itieni kwenye kichupa, mfukie, mkusanye mpaka iwe nyingi, ndipo nitawatafutia njia."

Hilo lilikuwa fundo la mtego wake, ndugu zangu. Maana kama Melkior angeionyesha kwa mtu mmoja tu mwenye kujua, uongo ungekufa siku ile ile.

Wakati wa kurudi, Melkior alimvuta mdogo wake pembeni ya gari. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mdogo wangu," alisema, "siku ya mazishi ya baba nilikukosea. Nilikuwa nimechoka, nikasema mbele za watu maneno ambayo ningepaswa kuyameza. Yamenikaa hapa miaka yote hii, na kila nikitaka kukuandikia, kalamu inakuwa nzito. Nisamehe. Na hii tuliyoipata leo, chochote kitakachotoka, nusu ni yako."

Hebu tusimame hapa. Mtu amekosa na ameomba radhi. Kikopo kipo mfukoni, na chenga nyingine bado zimo ndani. Ilitosha Kalisti akitoe tu, aseme, "Kaka, na mimi nimekukosea, angalia nilichofanya," na jioni ile wangekuwa wanacheka mpaka mbavu ziume. Neno moja tu! Lakini kinyongo kilicholelewa miaka sita hakitaki msamaha, kinataka chakula. Kalisti alimpiga kaka yake begani, akasema, "Yaliyopita yamepita." Moyoni alisema, sasa ndiyo kwanza yanaanza. Na alipowasha gari alisikia utamu mdomoni, utamu wa kweli kabisa, nami silifichi hilo, kwa sababu kisasi kina utamu na wanaowaambia kwamba hakina wanawadanganya.

Wakarudi Tabora.

Mwezi wa Agosti barua ya Melkior ilisema amejenga kibanda Kanyenze. Mwezi wa Septemba ilisema amebadilishana maksai wake wawili na sehemu kubwa ya mpunga wa vihengeni kwa mbao, sururu na makarai. Mwezi wa Oktoba barua haikuja. Kila mwaka Melkior alikuwa akimtumia mdogo wake gunia la mchele kwa treni, hata ule mwaka wa mazishi hakuacha. Mwaka huu gunia halikufika.

"Sijui kwa shemeji Melkior kuna nini," Theopista aliuliza akiwa anatwanga mahindi. "Mchele wetu umechelewa."

"Labda amechoka kulima," Kalisti alijibu, akatoka nje ili mkewe asimwone anatabasamu. Karakanani alikuwa anaimba. Hakumkumbuka mama yake hata mara moja. Alikuwa anakitikisa kihenge cha kaka yake bila kukumbuka kwamba Bibi Immaculata anakula kutoka kihenge hicho hicho.

Siku chache kabla ya Krismasi ikafika barua ya Eufrazia, imeandikwa na mwalimu wa dini, maneno machache: "Shemeji, mama ni mgonjwa. Njoo na mkeo na mtoto. Barabara ya Inyonga imekatika kwa mvua, pandeni treni. Usichelewe."

Walishuka Mpanda asubuhi, wakapita mtaa wa Makanyagio kwa miguu, mizigo kichwani, mpaka Mwamkulu. Njia nzima watu walikuwa majarubani. Wengine wanalima, wengine wanapandikiza, na miche ya mpunga ilikuwa imesimama kwenye maji mistari kwa mistari. Walipofika kwenye majaruba ya Melkior, Bernadetha alisimama.

"Baba, kwa baba mkubwa kumeota majani."

Nyasi zilikuwa za kiunoni. Nyumbani vihenge viwili vilikuwa vimeanguka, na cha tatu kilikuwa na kuku waliolala ndani. Bibi Immaculata alikuwa amekaa kwenye mkeka, mifupa ya mabega imechomoza, akichambua mboga za porini. Alikuwa mzima, hakuumwa kitu isipokuwa njaa. Watoto wawili wadogo walikuwa naye. Watatu wakubwa walikuwa Kanyenze wakibeba udongo anaouchimba baba yao.

"Shemeji uliandika mama anaumwa," alisema Kalisti.

"Nilikudanganya," Eufrazia alijibu. "Umeonja ladha yake?" Akaingia ndani, akatoka na kichupa cha dawa, akakiweka juu ya kinu mbele ya wote.

Chenga zilizokuwa zinang'aa mwezi wa Juni zilikuwa zimegeuka kijani, zimeshikana kama ukungu kwenye ugali uliolala.

"Kilifukiwa kwenye udongo wenye maji," alisema. "Nilikifukua mwezi uliopita. Mimi sijasoma, shemeji, lakini pete ya dhahabu ya mama mkuu wa masista pale misheni nimeiona miaka yote, na haijawahi kuota kijani. Ndipo nikakumbuka yale mafuta juu ya maji. Nikakumbuka fundi hakosi grisi."

Kalisti alifungua mdomo.

"Subiri. Nilimwonyesha kaka yako. Unajua alisemaje? Alisema ni mbichi. Alisema dhahabu ni kama mpunga, ya juu bado ina ukijani, iliyoiva iko chini. Tangu siku hiyo anachimba kwenda chini. Amelima mpunga tangu utotoni, huo ndio ujuzi wake, na wewe umemtega kwa ujuzi wake mwenyewe."

Theopista alikuwa anamtazama mumewe kana kwamba amekutana naye njiani. Ni Bernadetha aliyeuliza, taratibu, "Baba, siku ile nyuma ya jiwe ulikuwa unacheka. Ulikuwa unacheka nini?"

Swali hilo hakuna mahakama ambayo ingeliuliza vizuri zaidi. Kalisti aliketi chini kwenye matope akasema yote: shaba, tupa, kikopo, miaka sita. Alipomaliza, mama yake aliweka kando mboga zake.

"Nilipowazaa sikujua kwamba nimezaa mtu na mwindaji wake," alisema Bibi Immaculata. Hakusema zaidi, na hajalizungumzia jambo hilo tena mpaka leo.

Eufrazia hakulia. Machozi yake yalikuwa yamekwisha, na mahali pake palikuwa na kitu kigumu zaidi. "Sikukuita uje utubu, shemeji. Kutubu nenda kwa padri. Nimekuita umtoe mume wangu shimoni. Majaruba yanangoja mpaka mwisho wa Januari, yakipita hapo hatuna mwaka. Ukimtoa, nitafunga mdomo wangu. Usipomtoa, utashika jembe lake wewe, utakula mboga tunazokula, na hii habari nitampa balozi wa nyumba kumi, na kila atakayepita njia hii akiuliza huyu mtu wa Tabora anafanya nini matopeni."

Kesho yake asubuhi Kalisti alikwenda Kanyenze. Pale penye jiwe kubwa sasa palikuwa na shimo la kutosha kuzika ng'ombe, kuta zake zinavuja maji. Melkior alitoka ndani yake akiwa udongo mtupu, amekonda, macho yamekwenda ndani. Alipomwona mdogo wake uso wake ukachanua.

"Mdogo wangu! Nilijua utakuja. Nimekaribia. Njoo uone nusu yako!"

Afadhali angempiga. Kalisti alipiga magoti ukingoni, akasema tena yote, neno kwa neno. Melkior alisikiliza. Furaha iliondoka usoni, na mahali pake pakaingia kitu kingine, kujikunja kwa mtu anayelinda chake.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, kaka. Ni shaba. Niliitia mimi."

Kalisti alimwita Makoye. Mzee yule alikuwa amekwisha kusema mara nyingi kwamba Kanyenze haina dhahabu ya kuchimbia shimo, naye Melkior alikuwa amekwisha kumwita mchawi. Makoye alichukua kichupa alichokuja nacho Kalisti, akaweka chenga chache kwenye bapa la jembe, akaliweka juu ya moto. "Dhahabu haiogopi moto," alisema. "Tazama." Chenga ziligeuka nyeusi tii.

Melkior alitazama, kisha akatikisa kichwa, akatabasamu kama mtu mzima anayewaelewesha watoto. "Si ndiyo nawaambia ni mbichi? Kitu kibichi ukikichoma kinaungua. Iliyoiva haiungui." Tabasamu likakatika. "Nimewaelewa. Mmesikia nimekaribia. Mnataka nitoke muingie nyie. Kalisti, nilikuomba radhi hapa hapa, nikakupa nusu, kumbe nusu haikutoshi!" Akainua sepetu, akamfukuza mdogo wake mpaka ng'ambo ya kijito.

Kalisti alirudi kesho yake. Akarudi siku kumi na mbili. Alilia, akaapa kwa kaburi la baba yao, akamleta padri. Kila alipozidi kuapa, Melkior alizidi kuamini kwamba chini kuna kitu, maana mtu hasumbuki hivyo kwa ajili ya shimo tupu.

Januari ilipokuwa inaisha, Eufrazia alimkabidhi Kalisti jembe. Theopista alimchukua Bernadetha akarudi naye Tabora kwa ajili ya shule. Mtoto aliagana na bibi yake na mama yake mkubwa. Kwa baba yake alisimama kidogo, akatazama matope miguuni pake, akasema, "Kwaheri, baba," akaondoka bila kumpa mkono. Likizo ya Kalisti ikaisha, karakana ikamwandikia, ikamwandikia tena, kisha ikamweka mtu mwingine kwenye mashine yake. Naye alikuwa ndani ya maji ya magotini, mgongo unamuuma, akipandikiza mpunga kwenye majaruba aliyotaka kaka yake ang'oke.

Mwezi wa Machi, mchana kweupe, ukuta wa shimo ulianguka. Watoto walikuwa wamekwenda kula, na hilo ndilo jambo jema pekee katika hadithi hii. Makoye alipiga yowe, likapokewa shamba kwa shamba mpaka jarubani, Kalisti akakimbia na jembe mkononi, wakafukua wawili mpaka kucha zikang'oka. Walimtoa Melkior akiwa hai. Mgongo wake ulikuwa umevunjika, na hospitalini walimlaza miezi mitatu wakamrudisha kwenye machela.

Hatembei tena. Mchana kutwa anakaa mlangoni, na mkononi ana kile kichupa cha kijani, ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mvuno wa mwaka ule ulikuwa nusu ya vihenge vya zamani, lakini watu walikula.

Na kuna amri moja ya Eufrazia ambayo haijafutwa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda jarubani, Kalisti husimama mbele ya kaka yake, watoto wakisikia, jirani wakisikia, na Eufrazia amesimama pembeni amekunja mikono. Husema, "Kaka, shikamoo. Hiyo uliyoshika ni shaba. Niliitia mimi kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuchukia."

Melkior hukiinua kichupa, akakigeuza juani, akakitazama kwa makini.

"Marahaba, mdogo wangu," hujibu kwa upole. "Nenda kalime. Ikiiva nitakuita."

FUNZO LA HADITHI HII

Ndugu zangu, wengine mtasema kosa ni la Melkior kwa tamaa yake. Tamaa alikuwa nayo, kama mimi na wewe tungekuwa nayo tukiona karai linang'aa. Lakini alikuwa amekaa na vihenge vyake, anacheka akisikia neno dhahabu, mpaka mtu wa tumbo moja naye alipomletea.

Kisasi ndicho ninachowaonya. Kalisti alidhani akishatosheka atakizuia, kumbe uongo ukishaingia kichwani mwa mtu hauna mpini wa kuushika na kuuvuta nje. Alidhani anampiga mmoja, akawapiga mama yake, watoto wasiojua lolote, na binti aliyecheka kwa kumpenda. Na tazameni jambo hili vizuri: radhi aliyokuwa akiidai miaka sita alipewa, mkononi, pembeni ya gari, na aliikataa kwa sababu alikuwa ameshazoea kuwa na hasira.

Kama kuna ndugu yako aliyekukosea, mwambie, hata kama ni kwa kumfokea. Kama amekuja kuomba radhi, ipokee siku hiyo hiyo, kabla jua halijahama. Na kama katika maneno yaliyokuuma yumo ukweli, anza na huo kwanza. Barua tatu za ugonjwa wa mzee Maximilian zilitaka jibu, na jibu lililofaa lilikuwa tiketi moja ya treni.